Mtoto mkimbizi darasani: maswali tunayoulizwa kila muhula ukifunguliwa

Basi la kutoka Kitale huingia hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, jioni, na kila Januari hushusha walimu wapya wawili watatu, kila mmoja na begi lake na godoro lake, nyuso zimejaa vumbi. Kabla hata hawajanawa wameshaanza kuuliza. Kesho yake asubuhi wazazi nao wamesimama langoni, watoto mkononi, wanauliza yaleyale kwa lugha nyingine. Nimefundisha hapa miaka tisa na nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu ndiyo haya. Maswali ya walimu na ya wazazi nimeyachanganya makusudi.

Kwani kambini kuna shule za kweli?

Zipo, na baadhi zina umri mkubwa kuliko walimu wake. Kambi hii ya Kaunti ya Turkana ilifunguliwa 1992, walipofika maelfu ya wavulana kutoka Sudan. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwa miguu, serikali ya huko ilipoanguka 1991 wakatimuliwa tena, ndipo wakavuka kuingia Kenya. Wengi hawakuwa na mama wala baba. Masomo yalianza chini ya miti, wakiandika kwa kidole mchangani. Leo ukijumlisha Kakuma na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, watu ni kama 300,000, na zaidi ya nusu ni watoto.

Mtaala ni wa Kenya na mitihani ni ya Kenya. Shule nyingi za msingi kambini zimesimamiwa kwa miaka na Shirika la Kilutheri Duniani, na za sekondari na Windle International Kenya. Darasa la watoto zaidi ya 100 si jambo la kushangaza, hasa gredi za chini. Mwalimu mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni gwaride.

Mtoto aliyekimbia vita akiingia darasani kwangu, nianzie wapi?

Anzia kwenye rejista. Walimu wapya hudhani nitawaambia kitu kikubwa, nami nawaambia wajifunze kuita jina.

Mtoto huyu jina lake limeandikwa mpakani na mtu mwenye haraka, likaandikwa tena na karani mwingine, likakatwa lilipozidi nafasi ya fomu. Ukiliita vibaya siku ya kwanza atakaa kimya, na wewe utaweka alama ya kutokuwepo wakati yuko mbele yako. Muulize nyumbani wanamwitaje. Msomali atakupa jina lake, la babake na la babuye, kwa mpangilio huo, wala hakuna "jina la ukoo" la kutafuta hapo. Mrundi na nduguye wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi, kwa kuwa kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Nimewahi kuona karani akiwatenganisha ndugu wawili, mmoja zamu ya asubuhi na mwingine ya mchana, eti si wa nyumba moja. Mdogo alilia siku tatu.

Ukishalijua jina, liite kila asubuhi kwa sauti ileile, saa ileile. Baada ya rejista ni hesabu, baada ya hesabu ni uji, baada ya uji ni Kiswahili. Usibadilishe ratiba bila kusema. Kwa mtoto aliyeamshwa usiku akaambiwa "twende" bila kuambiwa wapi, kujua kinachofuata baada ya uji si jambo dogo.

Tena ubaki. Mwalimu anayekuja Januari akaondoka Aprili anamfundisha mtoto somo ambalo tayari analijua vizuri mno, la watu kuondoka. Kama unajua hutamaliza mwaka, waambie mapema na uwaonyeshe atakayekupokea.

Mtoto akishtuka ghafla au akajificha chini ya dawati, nifanye nini?

Upepo wa Turkana ukivuma mchana, bati lililolegea hupiga kama bunduki. Mwaka fulani nilikuwa na mvulana wa gredi ya nne ambaye bati likilia anaingia chini ya dawati, mikono kichwani. Wenzake walicheka mara ya kwanza. Sikuwakemea. Nilichuchumaa karibu naye, si karibu sana, nikaendelea kusoma hadithi kwa sauti ya kawaida, nikasema tu, "Ni bati, ni upepo." Dakika kadhaa akatoka mwenyewe. Wiki iliyofuata tulipanda juu na fundi tukaligongomea lile bati, na yeye ndiye aliyeshika misumari.

Usimshike kwa nguvu, usimtoe nje, usimuulize mbele ya wenzake. Akikosa usingizi wiki nzima, akiacha kula, akijiumiza, au akiongea habari za kufa, hapo si kazi yako peke yako: nenda kwa mshauri wa shule au afisa wa ulinzi wa mtoto siku hiyohiyo.

Basi nimuulize yaliyompata, ili nimsaidie?

Hapana. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Muhula wangu wa kwanza niliwapa darasa la sita insha ambayo kila Mkenya ameiandika akiwa shuleni: "Siku Sitakayoisahau." Huko nilikosomea mimi, insha hiyo ni harusi ya shangazi au safari ya Mombasa, na inaanza na jogoo kuwika na jua kuchomoza. Hapa zilirudi kimya. Msichana mmoja aliandika mistari minne na sikuweza kumaliza wa tatu. Mvulana aliyekuwa akikaa dirishani alinipa daftari lenye tarehe na kichwa, kimepigiwa mstari kwa rula vizuri kabisa, na chini yake ukurasa mtupu. Nami nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu.

Tangu siku hiyo natoa vichwa viwili, mtoto achague. Kimoja huwa ni cha kueleza kazi: namna ya kusuka nywele, kupika chapati, kutengeneza mpira wa makaratasi. Wanaandika kurasa. Anayetaka kusimulia ya kwao atakuja mwenyewe, mara nyingi umekaa chini ya mti wa mathenge unasahihisha, na ataanza kana kwamba anaongea habari za mtu mwingine. Msikilize. Usimwahidi kutunza siri ya jambo linalomhatarisha, na usilie kumzidi.

Mwanangu alikuwa darasa la sita Kongo. Mbona mmemweka gredi ya tatu?

Swali hili huletwa na hasira, na hasira hiyo ina haki. Sababu ni lugha. Kwao alisoma kwa Kifaransa. Hapa kuanzia gredi ya nne masomo ni kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Akipewa mtihani wa kumpima ulioandikwa kwa Kiingereza, anaonekana hajui kitu.

Kwa walimu: mpime hesabu kwa tarakimu tupu, bila maneno. Na uangalie kwa makini anavyoandika. Mtoto wa shule za Kifaransa huweka kigawanyo upande wa kulia, sisi tunakiweka kushoto, na penye nukta ya desimali yeye huandika mkato. Nimeona daftari limejaa mikwaju ya kalamu nyekundu wakati kila jibu lilikuwa sahihi.

Kiswahili chake nacho msikicheke. Mtoto wa Bukavu anasema anaenda "ku masomo" akimaanisha shuleni, na akikwambia "niko nasikia muzuri" anamaanisha ameelewa. Ni Kiswahili chenye wenyewe. Kati ya watoto wote wanaoingia hapa, Wadinka, Wanuer, Wasomali, Waoromo, yeye ndiye anayeweza kuzungumza na mwalimu siku ile ile ya kwanza. Mtumie kama mkalimani wa wageni wengine wa kwao, naye atashika Kiingereza mapema kuliko unavyodhani. Mzazi, omba apimwe tena mwisho wa muhula. Usisubiri mwaka.

Ana miaka kumi na sita na hajawahi kukaa darasani. Hatachekwa?

Atachekwa wiki ya kwanza. Kisha atachaguliwa kiranja, kwa sababu ndiye anayefikia juu ya ubao.

Kwanza hakikisha huo umri. Kwenye makaratasi ya kambi utakuta watoto wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa aliyeandika hakupata tarehe nyingine. Na mtoto wa Ethiopia akikutajia mwaka wake wa kuzaliwa, kumbuka kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo unaweza kumzidishia miaka bila kujua. (Saa zao, kwa upande mwingine, wanazihesabu kama sisi tunavyozihesabu kwa Kiswahili. Hapo hamtapishana.)

Aliyepitwa sana na umri kuna mpango wa masomo ya kasi, unaobana miaka ya msingi iwe michache. Lakini akitaka kukaa na wadogo, mwacheni. Wakenya tunaye Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwalimu mkuu Jane Obinchu akampokea wakati wengine waliona ni mzaha. Watu hukumbuka sare yake ya kaptura. Wanachosahau ni kwamba ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfukuza kwake, akalala kwenye hema la waliohama makwao, na bado akawa anatembea kwenda shule.

Wasichana wanaacha shule wakifika gredi ya saba, ya nane. Tatizo ni nini?

Ni mambo mengi madogo yanayokutana siku moja. Foleni ya maji asubuhi. Mdogo wa kulea mama akienda kutafuta kibarua. Choo kisicho na mlango. Kukosa sodo siku nne kila mwezi, na siku nne kila mwezi kwa muhula mzima ni masomo ya wiki kadhaa. Halafu posa, hasa mgao wa chakula ukipungua, kama ulivyopunguzwa 2025. Mahari ni chakula pia.

Sina dawa moja. Ninachokiona kikifanya kazi ni mwalimu wa kike kwenda nyumbani kwao. Si kwa barua, kwa miguu. Anakaa mkekani, anapewa chai, hazungumzii shule mpaka chai iishe. Mwenzangu mmoja, Msomali aliyesoma hapahapa, alikwenda nyumba moja mara tano. Mara ya nne baba mtu alimwambia, "Mwalimu, wewe ni mwenzetu au umetumwa?" Akamjibu, "Baba, mimi nilikaa dawati hilohilo analokalia binti yako." Mara ya tano binti alirudi, akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Tulimpokea naye.

Viboko vinaruhusiwa?

Haviruhusiwi popote Kenya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumpiga au kumdhalilisha mwanafunzi. Najua wapo wanaoshika fimbo "ya kuonyeshea ubaoni". Tumia kidole.

Mwalimu ambaye naye ni mkimbizi, ni mwalimu kamili?

Walimu wengi wa msingi kambini ni wakimbizi wenyewe, baadhi wamemaliza kidato cha nne juzi tu. Wanaitwa walimu wa insentivu, kwa sababu wanacholipwa hakiitwi mshahara, kinaitwa posho ya kuwatia moyo. Kazi ni ileile, chaki ni ileile, watoto ni walewale 100, lakini mwisho wa mwezi yeye anapata sehemu ndogo ya anachopata mwalimu Mkenya wa chumba cha pili. Sijawahi kusikia maelezo ya jambo hili yakaniingia akilini.

Mafunzo wanahitaji, hilo wanalisema wenyewe. Ila kuna kitu walichonacho ambacho mimi na cheti changu sina. Mtoto akianza kulia kwa Kinuer, yeye anajua analia nini. Na mtoto akimtazama anaona mtu aliyepita njia aliyopita yeye na sasa ameshika chaki. Mwalimu mgeni, kabla hujamwelekeza huyu jinsi ya kupanga somo, muulize kwanza habari za darasa lako. Atakuambia nani hana mama, nani anaishi na jirani, na ni wawili gani usiwakalishe dawati moja kwa kuwa wazee wao wana damu baina yao.

Uji unasaidia nini masomo?

Siku uji usipopikwa, nusu ya darasa haiko baada ya saa nne. Sina la kuongeza.

Kisheria mtoto mkimbizi ana haki ya kusoma shule yoyote ya umma?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema "kila mtoto". Haikusema "kila mtoto Mkenya". Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka mkimbizi atendewe kama raia katika elimu ya msingi. Mwaka 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, zilikutana Djibouti zikakubaliana kuwaingiza watoto wakimbizi katika mifumo ya elimu ya taifa. Na tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021.

Karatasi ni nzuri. Lango la shule ni jambo jingine. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja hadi shule ya mji fulani huko chini, mtoto ana ripoti nzuri na barua ya uhamisho. Tukaambiwa hana cheti cha kuzaliwa, turudi akipata. Manifesti ya familia, ile karatasi ya ukimbizi inayoorodhesha watu wa nyumba moja, iko mezani, jina na picha ya mtoto vyote vimo. Tulirudi mara tatu. Ushauri wangu: nenda na manifesti, ripoti ya shule, barua ya mwalimu mkuu, na mtu anayejulikana pale mtaani. Wakikataa, waombe kwa upole waandike sababu kwenye karatasi na wapige muhuri. Mara nyingi hapo ndipo nafasi hupatikana.

Jamaa zetu wako Nyarugusu, wengine Nakivale. Huko ni kama hapa?

Hapana, na tofauti yenyewe ina maana kwa familia iliyogawanyika. Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo, na Warundi wakaongezeka 2015. Kule watoto wamesoma kwa mitaala ya kwao, Mkongo ya Kongo na Mrundi ya Burundi, kwa hoja kwamba siku moja watarudi. Kwa hiyo kuna vijana waliozaliwa Tanzania, wanaota kwa Kiswahili, na wanafanya mitihani kwa Kifaransa cha nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga. Anayerudi Kongo kweli anashukuru. Anayebaki ana cheti ambacho Tanzania hakimfungulii milango mingi.

Uganda, Nakivale na makazi mengine, mtoto anasoma mtaala wa Uganda pamoja na wenyeji, na mwaka 2018 serikali ilitoa mpango wake wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea. Akihamia kwetu kutoka huko, Kiingereza anacho. Kiswahili ndicho kitakachomsumbua, mpeni muda.

Na wenyeji Waturkana? Mbona kila kitu ni kwa wakimbizi?

Wanaouliza hivi hawajakosea. Kuna vijiji hapa karibu ambavyo kwa miaka viliitazama kambi ikipata kisima na darasa wakati wao wanafundishwa chini ya mti. Kalobeyei ilianzishwa ili wasome pamoja. Darasani Mturkana na mkimbizi hawana shida. Wanagombania kalamu tu, kama watoto wote.

Baada ya sekondari kuna nini?

Mlango ni mwembamba. Kwa hesabu za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa za 2024, vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani ni asilimia 7 hivi, na lengo ni kufika 15 ifikapo 2030. Ufadhili wa DAFI wa kuwasomesha wakimbizi chuo, unaotoka zaidi Ujerumani, umekuwepo tangu 1992, na kila mwaka tuna wanaouomba. Waambie watoto ukweli huu mapema, bila kuwavunja. Anayejua mlango ni mwembamba hujipanga.

Wakati mwingine mlango haumo hata kwenye fomu. Rose Nathike Lokonyen alikuwa mwanafunzi hapa Kakuma, hakuwa mkimbiaji wa mazoezi. Mwalimu ndiye aliyemwambia aingie mbio za kilomita kumi za shule, akawa wa pili. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio na akakimbia mita 800. Dadaab nako, kwenye kambi nyingine kubwa ya Kenya, Abdullahi Mire alikulia kambini, akawa mwanahabari, kisha akarudi na vitabu. Alipopewa Tuzo ya Nansen 2023, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, vitabu alivyokuwa amewafikishia watoto wa kambi vilikuwa 100,000.

Tumepata safari ya kwenda ng'ambo. Shule ya mtoto tuifanyeje?

Njooni ofisini angalau wiki mbili kabla, msije asubuhi ya basi. Tutawapa ripoti za mihula yote, na barua moja ya Kiingereza inayoeleza mtoto amesoma miaka mingapi, kwa lugha gani, anapenda nini, na jina lake linatamkwaje. Hiyo ya kutamka jina naiandika mimi mwenyewe kwa mkono, kwa silabi. Mwacheni aage darasa, asitoweke tu; wenzake wameshaona watu wengi wakitoweka.

Na barua msiiweke kwenye sanduku, masanduku hupotea. Iingie kwenye ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji linalowasafirisha, mtakaopewa, pamoja na eksrei, na mfuko mbebe wenyewe mkononi.